Maria Hakuificha Hori

Desemba imeingia, na katika ukurasa wetu wa mwezi huu tunataka tuzungumze juu ya amani. Tunajua wengine mtatabasamu, maana amani ndilo neno tunaloliimba sana mwezi huu, na ndicho kitu kinachopungua sana majumbani mwetu mwezi huu huu.

Huku kwetu Mtwara Krismasi haiji peke yake. Inakuja wakati korosho za mwisho zinaokotwa, na kila mwenye shamba anasikilizia bei ya mnada na siku fedha zitakapoingia kupitia AMCOS. Inakuja na mvua za kwanza, na mvua zikinyesha jembe halijui sikukuu. Inakuja shule zikiwa zimefungwa na watoto wote wamo nyumbani. Katika vijiji vingi ngoma za unyago nazo zinalia, kwa sababu likizo ndiyo nafasi ya mabinti kuchezwa. Na nyuma ya mlango Januari inasubiri. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ada imefutwa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 mpaka kidato cha sita. Lakini sare, viatu, madaftari na begi havijafutwa.

Halafu kuna wageni. Wenye umri kama wetu wanakumbuka safari ya Dar es Salaam kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kule Rufiji mwaka 2003. Magari yalingoja kivuko, na mvua zikiwa kubwa njia ilikatika kabisa. Ndugu aliyefika Mtwara kwa sikukuu alipokewa kama aliyetoka vitani, na hata ukimpa ugali wa muhogo kwa mbaazi alimshukuru Mungu. Leo ndugu huyo anapanda basi alfajiri, anapiga simu akiwa amekwisha kupita Nangurukuru, na anasema, "Tunakuja, tuko sita." Tunamfurahia, naam. Lakini mama anayepokea simu hiyo anatazama debe la mchele kabla ya kujibu karibu.

Mwili husema kile ambacho mdomo umeficha

Sisi tunaofanya kazi wodini tunaujua mwezi huu kwa namna yake. Kliniki za presha na kisukari hupungua watu katika wiki mbili za mwisho wa mwaka. Si kwamba wamepona. Wamo jikoni, au wameahirisha dawa ili fedha itoshe mambo mengine.

Mwaka mmoja alipokelewa mama wa makamo, mke wa mkulima. Vidonge vyake vya presha vilikuwa vimekwisha katikati ya Desemba, akasema moyoni mwake, "Nitanunua baada ya sikukuu." Fedha ile ikaenda kwenye vitenge vya sare vya binti zake watatu, ili siku ya Krismasi waingie kanisani wakiwa wamependeza kama watoto wa fulani. Akalala usiku sana siku mbili mfululizo akipika na kufua. Tarehe 26 asubuhi aliletwa mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki, na maneno hayatoki. Mungu alimnusuru na kifo. Lakini mkono ule haujarudi kuwa mkono wa kumenyea muhogo. Binti yake mkubwa, akiwa ameketi kando ya kitanda na kile kitenge kipya mwilini, alituambia jambo moja tu: "Sisi hatukuviomba hivi vitenge."

Neno hilo tumelibeba tangu siku ile. Ni mara ngapi sisi wanawake tunajitwika mzigo ambao hakuna aliyetuagiza kuubeba? Tukiulizwa tunafanya kwa ajili ya nani, tunajibu kwamba ni kwa ajili ya watoto, mume au wageni. Tukijichunguza vizuri mbele za Mungu, mara nyingi tunafanya kwa sababu tunaona aibu. Tunaogopa watu wasije wakajua kwamba mwaka huu mambo ni magumu.

Ishara waliyopewa wachungaji

Tufungue sura ya pili ya Injili ya Luka, tuisome kama akina mama. Familia ile ilikuwa safarini kwa sababu ya amri ya serikali ya kwenda kujiandikisha. Mama alikuwa mjamzito wa siku zake. Nyumba ya wageni haikuwa na nafasi. Mtoto akazaliwa ugenini, akavikwa nguo za kitoto, akalazwa katika hori ya kulishia mifugo. Hiyo ndiyo Krismasi ya kwanza. Hakukuwa na nyumba iliyopakwa rangi wala sufuria ya pilau.

Sasa tuangalie habari ya amani ilipelekwa kwa nani. Ilipelekwa kwa wachungaji waliokuwa wakilinda mifugo yao usiku. Sisi wauguzi tunalipenda sana jambo hili, kwa sababu watu wale walikuwa zamu ya usiku. Walikuwa na baridi na usingizi, na kazi yao ilikuwa haijakwisha. Malaika hakuwaambia kwamba wamalize kwanza, waoge, wabadili nguo, ndipo waletewe amani. Waliipokea wakiwa kazini. Kwa hiyo mama anayesema, "Nikishamaliza shughuli zote hizi nitatulia niombe," ameipanga amani mwisho wa foleni, na mwisho wa foleni hiyo haufiki. Sikukuu ikiisha shughuli nyingine imeanza.

La pili ni kubwa zaidi. Wachungaji walihitaji ishara ya kumtambua mtoto. Wakaambiwa kwamba watamkuta amelala katika hori. Fikirini, akina mama. Ingekuwa ni sisi, tunasikia hodi usiku na wageni wasiojulikana wako nje, tungefanyaje? Tungemtoa mtoto haraka katika ile hori. Tungeazima kitanda kwa jirani na kutandika lile shuka la maua linalokaa kabatini mwaka mzima. Hori tungeisukuma nyuma ya mlango, ndipo tuseme karibuni. Na hapo wachungaji wangetazama huku na huku wasiione ishara waliyopewa, wakaenda zao.

Maria hakuificha hori. Kile kitu ambacho mama yeyote angeona haya kukionyesha ndicho ambacho Mungu alikifanya kiwe ishara. Na sisi tunaamini kwamba hapa ndipo amani ya Krismasi inapoanza kwa mwanamke wa leo. Inaanza siku anapoacha kuificha hori yake, anaposema kweli juu ya kile alichonacho na kile asichonacho, akijua kwamba Bwana haoni haya kuzaliwa humo.

Krismasi ya mwaka 2018

Wenyeji wa Mtwara, Lindi na Ruvuma hawajaisahau Krismasi ya mwaka 2018. Msimu ule wakulima waliikataa bei ya mnada kwa kuwa ilikuwa ndogo. Mwezi wa Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itazinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilifurahisha, lakini malipo yalitanguliwa na uhakiki, na wakulima wengi waliingia katika sikukuu wakiwa hawajapata kitu. Korosho zimekwenda, na fedha hazijaja. Katika mkoa ambako korosho ndiyo sare, ndiyo bati, ndiyo mahari na ndiyo sadaka, mnaweza kukumbuka hali ilivyokuwa.

Siku zile tuliona nyumba za aina mbili. Kulikuwa na nyumba zilizosema, "Liwalo na liwe, hatuaibiki mwaka huu." Wakakopa kwa riba kubwa, ile mikopo ambayo siku hizi akina mama wanaiita kausha damu. Kuku wakachinjwa, nguo zikanunuliwa, wageni wakasifu. Fedha za korosho zilipofika hazikukaa hata usiku mmoja nyumbani.

Na kulikuwa na nyumba zilizokaa chini na kusema kweli. Katika jumuiya moja akina mama walikubaliana kwamba kila mmoja alete alichonacho na wapike pamoja baada ya ibada. Mmoja alileta mbaazi na mwingine mchele kilo mbili. Aliyekuwa na mume mvuvi alileta changu. Bibi mmoja alileta ming'oko aliyoichimba mwenyewe, akaiweka mezani bila kujitetea. Watoto walikula chini ya mwembe, maembe yenyewe yakianguka pembeni. Kwa hesabu ya fedha ilikuwa Krismasi ya kimaskini. Lakini mpaka leo wenyewe wanaitaja kuwa ni Krismasi waliyolala usingizi.

Tuseme kweli mahali panne

Jambo la kwanza ni kusema kweli mbele za Mungu. Wengi wetu tunaomba sala nzuri za kanisani, lakini hatumwambii Mungu hesabu. Tumzoee Baba yetu. Mama anaweza kukaa kitandani kabla watoto hawajaamka na kusema hivi: "Bwana, nina shilingi elfu arobaini. Wageni ni sita. Mtoto anaingia kidato cha kwanza na hana viatu. Wifi yangu anakuja, nami namwogopa maneno yake. Nimechoka, na sikukuu bado. Nakukabidhi haya yote, nipe moyo wa kufanya lililo langu na kuliacha lililo lako." Hiyo ni sala kamili. Mtume Paulo aliwafundisha Wafilipi kwamba wasijisumbue bali wampelekee Mungu haja zao pamoja na shukrani, na kwamba amani yake itailinda mioyo yao. Aliyaandika akiwa kifungoni, hakuwa mapumzikoni. Tazameni utaratibu wake: haja zinatajwa kwanza, amani inafuata. Mzigo usiotajwa unabaki kifuani.

Mahali pa pili ni kwa mume. Akina mama, tuwe na hekima ya wakati. Maneno ya fedha hayasemwi baba akiwa na njaa, wala akiwa ametoka kwenye uraka, na msimu huu wa mabibo uraka upo wa kutosha. Subiri ametulia. Mwambie, "Baba watoto, naomba tukae dakika chache tuipange sikukuu." Chukua daftari. Andikeni kwanza vya Januari: sare, viatu, madaftari, mbegu za shamba. Andikeni dawa za mgonjwa aliye nyumbani. Kinachobaki ndicho cha sikukuu, kiwe kikubwa au kidogo. Kama kikundi chenu cha VICOBA kinagawana mwezi huu, fungu la Januari litengwe siku ile ile ya kugawana, kabla noti hazijakunjuliwa. Na wewe mama uliye mjane, au unayelea watoto peke yako, usibaki na daftari peke yako. Kaa na dada yako, au na mama mmoja wa kanisani unayemwamini, mpange pamoja. Mzigo uliohesabiwa na watu wawili hupungua uzito.

Mahali pa tatu ni kwa watoto. Tunadhani watoto hawawezi kuelewa, kumbe wanaelewa sana. Mtoto huvumilia kukosa nguo mpya kuliko anavyovumilia uso wa mama uliokunjamana na sauti ya kufoka tangu tarehe 20 mpaka mwaka mpya. Waambieni mapema: "Mwaka huu nguo mpya hakuna, tutazifua na kuzipiga pasi vizuri zile za Pasaka. Kuku atakuwepo, na jioni tutakwenda pwani." Kisha wapeni kazi, wavulana na wasichana sawasawa. Kijana wa miaka kumi na miwili anaweza kuteka maji, kukuna nazi na kufagia uwanja, wala hapungukiwi na uanaume wake. Nyumba ambayo mama ndiye mwenye mikono peke yake haiwezi kuwa na amani hata ikiwa na fedha.

Mahali pa nne ni kwa wageni na majirani. Anayepiga simu kutoka Dar es Salaam ajibiwe kwa upendo na kwa kweli: "Karibuni sana dada, tumewakumbuka. Nyumba ni ile ile ya vyumba viwili, watoto watalala chini. Mkija naomba mtubebee mchele na mafuta, samaki tutapata huku." Ndugu wa kweli hatakasirika. Wengine watafurahi, kwa maana nao walikuwa wanajiuliza walete nini. Kwa mama mkwe nenda kwa adabu zote. Ukishampa shikamoo na kumketisha mahali pazuri, mshirikishe, umwombe akufundishe au akusaidie jambo moja. Mkwe aliyepewa kazi ya heshima hana muda mwingi wa kukagua vumbi la dirishani.

Na majirani zetu wengi hapa pwani ni Waislamu. Kuna desturi nzuri tuliyoikuta, ya kumwomba jirani Mwislamu aje achinje kuku au mbuzi wa Krismasi, ili nyama ile iliwe na kila mtu. Idd ikifika, bakuli linarudi kutoka kwao likiwa limejaa. Desturi hiyo haina gharama kubwa, na inahubiri amani kuliko hotuba. Hata ukiwa na kuku mmoja, mpelekee jirani kipande kimoja cha kuku huyo. Usiache kwa sababu kipande ni kidogo.

Kubaki na kiini

Kuna mama atasema, "Mnasema rahisi, lakini mila zinatubana. Mwaka huu nina binti wa kumcheza, kuna ngoma, kuna khanga za watu, kuna kulisha wanaokuja." Tunalijua hilo. Si sisi wa kwanza kukabiliana nalo. Askofu Vincent Lucas, aliyewekwa kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliona Wakristo wa huku kusini wakiishi katikati ya jando na unyago. Hakuona kwamba dawa ni kuzifuta mila zote. Yeye na mapadri waliofanya kazi naye walijaribu kushika kiini chake, yaani kumfundisha mtoto utu uzima, heshima na wajibu, wakaweka sala ndani yake na kuyaacha yasiyofaa. Watu wamebishana tangu enzi hizo juu ya kazi ile, lakini swali lake linatufaa mpaka leo: kiini ni nini, na mapambo ni yapi?

Swali hilo hilo tuliulize juu ya Krismasi. Tukiondoa ibada na Neno, na kusameheana na aliyekosana nasi, na kumkumbuka asiye na kitu, na kukaa pamoja kula kilichopo, Krismasi imekwisha. Tukiondoa kapeti jipya, soda kreti mbili na sare za familia nzima, Krismasi ipo palepale. Juu ya binti wa kuchezwa, mashauri ni hayo hayo: kaeni na kungwi na shangazi zake mapema, semeni uwezo wenu. Kama fedha haitoshi, sherehe isogezwe mpaka likizo nyingine. Mtoto hatazeeka. Tena tuangalie mafundisho yenyewe yasimharakishe mtoto wa shule kuingia katika mambo ya ndoa.

Amani si kunyamaza

Hapa tuseme jambo zito. Kuna mama anayeitwa mpole, na nyumba yake inasifiwa kuwa ina amani, kumbe ananyamazia kipigo. Sikukuu zikifika na pombe ikizidi, kipigo nacho kinazidi. Tunawaletea huko wodini plasta na nyuzi, nao wanatuambia wameanguka. Mama mpendwa, hiyo siyo amani aliyoileta Kristo. Usalama wako na wa watoto unatangulia sifa ya nyumba. Mwambie mtu: mchungaji, padri, mzee wa kanisa au muuguzi. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili ya mambo kama hayo. Mtoto akiwa hatarini, piga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, nayo ni bure. Kumsamehe mtu hakukulazimishi kukaa chini ya mkono wake.

Tumkumbuke pia mama ambaye hii ni Krismasi yake ya kwanza bila mume, au bila mtoto wake. Asilazimishwe kuchangamka. Tusimwambie kwamba machozi ni upungufu wa imani, maana Yesu mwenyewe alimlilia rafiki yake Lazaro. Mwite jina lake aliyefariki, kaa naye, msaidie kupika. Na mtu yeyote ambaye kwa wiki mbili na zaidi halali, hali, haoni raha ya kitu chochote, au anafikiri heri afe, apelekwe kituo cha afya bila kungoja sikukuu ipite. Huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Sala na matibabu havigombani.

Mambo machache ya mwili

Mwili ni hekalu, nasi hatuwezi kuhubiri amani bila kuutunza.

Dawa za presha, kisukari, kifafa au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zichukuliwe kliniki mapema, zitoshe mpaka Januari. Zisiachwe hata siku moja kwa ajili ya sikukuu, wala asiache mtu kwa kuwa anajisikia mzima. Anajisikia mzima kwa sababu anazitumia.

Mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukakosa nguvu, au kauli ikakwama, apelekwe hospitali saa ile ile. Asikandwe nyumbani kwanza.

Mama mjamzito akiumwa kichwa kikali, akaona maluweluwe, akavimba uso, akatokwa na damu, au mtoto akiacha kucheza, aende hospitali hata kama ni usiku wa mkesha.

Mtoto akiungua kwa mafuta au maji ya moto, mwagieni maji safi ya kawaida kwa dakika ishirini, kisha mumpeleke kwa mganga. Msipake dawa ya meno, yai wala majivu.

Watoto wakienda kuoga baharini, Msimbati, Shangani au kwingineko, mtu mzima mmoja akae akiwatazama wao tu. Asiwe anakaanga samaki huku anawatazama.

Na wewe mwenyewe, lala. Saa mbili za usingizi usiku wa mkesha zina faida kwa familia yako kuliko aina ya tano ya chakula.

Kikapu cha mwambani

Wakati wa maji ya bamvua, akina mama wa Msimbati na Msangamkuu wanashuka mwambani kutafuta pweza na chaza. Wanajua saa ya kushuka na saa ya kupanda. Maji yakianza kujaa, mama anageuka na kile alichokipata. Kikapu kikiwa nusu, anarudi na nusu, na anaipika hiyo hiyo nusu. Anayeng'ang'ania mpaka kijae ndiye anayezungukwa na maji.

Tunaomba mwaka huu kila mmoja wetu ajiwekee saa ya kupanda. Tarehe 24 jioni, saa fulani mliyokubaliana nyumbani, kazi isimame. Ambacho hakijapikwa kisipikwe, na ambacho hakijafuliwa kikae. Oga, washa taa, waite watoto, msome ile sura ya pili ya Luka kwa sauti, kila mmoja mistari michache. Wale wasiojua kusoma waimbe. Kisha mnyamaze kidogo. Utashangaa jinsi nyumba ile ile, yenye ukuta usiopakwa rangi na sufuria nusu, inavyoweza kuwa mahali patulivu.

Wageni wakibisha hodi, fungueni mlango mkiwa jinsi mlivyo. Hori ikiwepo, iacheni ionekane.

Bwana awape amani yake, ninyi na waume zenu na watoto wenu, na awakumbuke wenzetu watakaokuwa zamu usiku ule. Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.